Nani Alikipima Kipimo Chenu?

Na Mweka Hazina wa Chama, Kidato cha Tatu

Utangulizi

Mhariri wa jarida letu amenipa kurasa hizi nieleze habari za kile chombo mlichokiona muhula wa pili nyuma ya darasa la Kidato cha Nne, kimesimama kwenye miguu mitatu na kuvaa kofia ya sponji kichwani. Wapo waliosema ni kamera. Wapo waliosema eti ni mtambo wa kuwanasa wanaopiga domo baada ya kengele ya kulala. La hasha! Kile kilikuwa kipimasauti, na kazi yake ni kutwambia sauti ina ukubwa wa kiasi gani.

Nyote mnafahamu chanzo cha jambo lenyewe. Ng'ambo ya ua wetu kuna ukumbi wa sherehe. Kila jioni tunapoingia prepu, spika za ukumbi huo nazo zinaingia kazini. Wanafunzi wa Kidato cha Nne walilalamika, walimu wakalalamika, na hatimaye mwenye ukumbi akaalikwa shuleni kwa mazungumzo. Alikuja, tena kwa heshima zote. Mwalimu wetu wa fizikia alipotaja kwamba tungeleta chombo cha kupima kelele, mzee yule alitutazama mmoja mmoja kisha akauliza, "Wanangu, mimi sikatai kupimwa. Lakini hicho kipimo chenu, nani alikipima?"

Wenzangu wengine walicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema hilo ndilo swali la kwanza ambalo mwanasayansi yeyote hujiuliza kabla ya kuandika tarakimu moja daftarini. Makala haya ni jibu la swali hilo.

Mizani ya sokoni

Tuanze na jambo tulijualo. Ukienda sokoni kununua kilo mbili za maharagwe, humwamini muuzaji kwa sababu ana sura nzuri. Unaamini mizani yake. Na mizani yake unaiamini kwa nini? Kwa sababu maofisa wa vipimo na mizani huizungukia na mawe yao ya shaba ambayo uzito wake unajulikana, wakaiweka mizani kwenye majaribio, kisha ikiwa sawa wakaipiga mhuri. Jiwe la kilo moja likiwekwa na mshale usome gramu 950, basi mizani hiyo inamwibia mwenyewe. Ikisoma gramu 1,050, inamwibia mnunuzi.

Kipimasauti nacho ni mizani. Tofauti ni kwamba sauti huwezi kuichonga iwe jiwe ukaitia mfukoni. Unahitaji kifaa kidogo kinachotoa sauti ya ukubwa unaojulikana, siku zote ile ile, nacho tulikiita kisawazishi. Kitendo cha kukilinganisha kipimasauti na sauti hiyo, na kukirekebisha mpaka kiseme kweli, tulikiita kusawazisha. Lakini kabla ya kufika huko lazima tujue tunapima nini.

Desibeli ni kitu gani?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ngoma inapopigwa, hewa husukumwa na kuvutwa, na shinikizo lake hupanda na kushuka kidogo sana. Shinikizo hupimwa kwa paskali. Sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima la kijana laweza kuisikia ina shinikizo la paskali 0.00002 hivi. Sauti inayokaribia kuumiza sikio ina paskali 20. Hebu gawanya mwenyewe: ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza mara 1,000,000! Nani ataandika hesabu zenye sifuri zote hizo kila anapopima kelele za matatu?

Ndiyo sababu mainjinia wa simu nchini Marekani, katika miaka ya 1920, walianza kutumia kipimo kilichopewa jina la Alexander Graham Bell, yule aliyepata hataza ya simu mwaka 1876. Kipimo chenyewe ni beli, na sehemu yake ya kumi ni desibeli. Desibeli haihesabu kwa kuongeza bali kwa kuzidisha. Shinikizo likizidishwa mara 10, tunaongeza desibeli 20. Likizidishwa mara 2, tunaongeza desibeli 6 hivi. Ile sauti ndogo kabisa tumeipa desibeli 0. Kwa hiyo ile ya paskali 20, ambayo ni mara milioni moja, yaani kumi sita zikizidishwa pamoja, inakuwa desibeli 120.

Sasa shika jambo hili moja, maana litarudi: sauti ya paskali 1 kamili ni desibeli 94. Wale wapendao hesabu wachukue kikokotoo, wagawanye 1 kwa 0.00002, watafute logi ya jibu, kisha wazidishe kwa 20. Watapata 93.98, na sote tunaiita 94.

Kwa kuwa desibeli si machungwa, usizijumlishe kama machungwa. Jenereta moja ikitoa desibeli 60 na ukawasha nyingine kama hiyo kando yake, hupati 120. Unapata 63. Na ukiwa uwanjani pasipo kuta, ukijitenga na spika ndogo mara mbili ya ulivyokuwa, unapoteza desibeli 6 hivi.

Geini: kuikuza sauti ndani ya chombo

Ndani ya kichwa cha kipimasauti kuna maikrofoni. Maikrofoni ina kiwambo chembamba mno ambacho hutikiswa na hewa, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme mdogo. Maikrofoni nyingi nzuri za kupimia hutoa milivolti 50 hivi zinapopata sauti ya paskali 1, yaani desibeli 94. Milivolti 50 ni umeme kidogo sana, na hiyo ni sauti kubwa! Katika chumba kimya cha desibeli 34, ambazo ni pungufu kwa 60, umeme huo hupungua mara 1,000. Unabaki mikrovolti 50. Umeme wa kiasi hicho hauwezi kusukuma mshale wala kuwasha tarakimu.

Hapo ndipo inapokuja geini, yaani kiasi ambacho chombo huukuza umeme wa maikrofoni. Geini ya mara 10 ni desibeli 20. Geini ya mara 1,000 ni desibeli 60. Fikiria mtu anayetafsiri maneno ya mzee mwenye sauti ya chini katika baraza la chifu. Mzee ananong'ona, mtafsiri anapaza. Mtafsiri akipaza kidogo mno, walio nyuma watasikia upepo tu. Akipiga mayowe, sauti itapasuka na maneno yatapotea. Geini nayo ina hatari hizo mbili.

Hatari ya kwanza ni geini ndogo kwa sauti ndogo. Kila chombo cha umeme kina mnong'ono wake wenyewe, hata mahali pasipo na sauti yoyote. Ukipima chumba kimya kwa geini ndogo, utakuwa unapima mnong'ono wa chombo ukidhani ni wa chumba.

Hatari ya pili ni geini kubwa kwa sauti kubwa. Umeme ukikuzwa kupita uwezo wa chombo, vilele vya mawimbi hukatwa kama majani yaliyofyekwa. Chombo kitaonyesha tarakimu ndogo kuliko ukweli. Vyombo vingi vina taa au alama ya kuonya jambo hilo, nayo ikiwaka, kipimo hicho kifute.

Basi vipimasauti vya zamani vina swichi ya kuchagua viwango, kwa mfano 30 hadi 80, au 50 hadi 100, au 80 hadi 130. Kila unapogeuza swichi hiyo unabadilisha geini kwa hatua inayojulikana, na chombo hukumbuka kuongeza au kupunguza hatua hiyo katika jibu. Chagua kiwango ambacho sauti yako itaangukia katikati. Vyombo vipya vingi vina kiwango kimoja kipana na havikusumbui kwa jambo hili.

Lakini ipo geini nyingine ndogo, iliyofichwa kwenye tundu dogo ubavuni, ambayo hugeuzwa kwa bisibisi nyembamba. Kwenye vyombo vipya hubadilishwa kwa vitufe. Hii ndiyo geini ya kusawazisha. Kazi yake ni kuondoa tofauti kati ya maikrofoni moja na nyingine. Tuseme maikrofoni yako imezeeka, na badala ya milivolti 50 inatoa 40. Hesabu itakwambia imepungua kwa desibeli 1.9. Chombo chako kitasoma 92.1 mahali penye 94, na kitaendelea kudanganya hivyo hivyo mchana na usiku. Dawa ni kuongeza geini mara 1.25, kwa maana 40 mara 1.25 ni 50, na chombo kitarudi kusema kweli.

Jinsi tulivyosawazisha

Chombo chetu na kisawazishi chake tuliazimwa na chuo kimoja, kwa hisani ya rafiki ya mwalimu wetu. Kisawazishi ni kidogo kama kikombe cha chai ya mkandaa. Kina tundu upande mmoja, na ukikibonyeza kinatoa mlio mmoja mwembamba wa desibeli 94 wenye mitikisiko 1,000 kwa sekunde, yaani hezi 1,000. Vingine vina kitufe cha pili cha kutoa desibeli 114, ambazo ni paskali 10.

Kwa nini hezi 1,000? Sikio la mwanadamu halisikii sauti zote sawasawa. Besi hulifikia kwa unyonge kuliko sauti nyembamba. Ili chombo kisikie kama sisi, huwekewa kichujio kiitwacho A, ambacho hupunguza besi. Kwa hezi 100 hupunguza desibeli 19.1, kwa hezi 250 hupunguza 8.6, na kwa hezi 1,000 hakipunguzi kitu. Kwa hiyo mlio wa hezi 1,000 husomeka 94 iwe kichujio kimewekwa au hakijawekwa. Lakini kuna visawazishi vya pistoni vinavyotoa desibeli 124 kwa hezi 250. Mtu akitumia hicho huku kichujio A kimewekwa, atasoma 115.4, naye asipojua sababu atakimbilia bisibisi na kukiharibu chombo kizima.

Hatua tulizofuata ni hizi:

1. Tulitazama betri kwanza. Betri iliyochoka hufanya geini iyumbe.

2. Tuliwasha chombo na kukiacha dakika chache kizoee joto la mahali pale. Chombo kilichotoka ndani ya gari lenye joto kikawekwa kwenye baridi ya jioni hakitulii upesi, na unyevu waweza kutanda kwenye kiwambo.

3. Tulichagua kiwango ambacho 94 iko ndani yake, si ukingoni.

4. Tuliivua kofia ya sponji, tukaingiza maikrofoni polepole ndani ya tundu la kisawazishi mpaka ikakaa imara. Pasiwe na mwanya. Hewa ikivuja, sauti inapungua. Na usisukume kwa nguvu, maana kiwambo ni chembamba kuliko karatasi ya sigara.

5. Tulibonyeza kisawazishi, tukasubiri tarakimu itulie.

6. Ilisoma 93.6. Mmoja wetu alizungusha skrubu taratibu kwa bisibisi mpaka ikasoma 94.0. Hapa soma pia kijitabu cha chombo chako, kwa maana maikrofoni nyingine hutakiwa kusoma 93.8 au karibu na hapo, kutokana na umbo lake.

7. Tuliandika daftarini: tarehe, saa, mahali, namba ya chombo, namba ya kisawazishi, 93.6 kabla, 94.0 baada.

Hatua ya saba watu wengi huidharau. Mwalimu alitwambia kwamba daftari hilo ndilo cheti cha afya cha chombo. Kikiwa kila wiki kinatofautiana kwa desibeli 0.1 au 0.2, hicho ni kizima. Siku kikitofautiana kwa desibeli 2 au 3 ghafla, usiguse bisibisi! Kuna kitu kimevunjika, kimelowa au kimelegea, na ukizungusha skrubu utakuwa unampaka mgonjwa poda badala ya kumpeleka hospitali.

Tena kazi haiishi hapo. Ukimaliza kupima, unarudisha kisawazishi na kusoma upya, safari hii bila kugusa skrubu. Kanuni inayofuatwa na wapimaji ni kwamba tofauti ya kabla na baada ikizidi desibeli 0.5, vipimo vyote vya katikati havina thamani. Unavitupa. Wacha wee! Fikiria umekesha usiku kucha halafu uambiwe utupe. Lakini afadhali kutupa kuliko kumshtaki mtu kwa uongo.

Na kisawazishi chenyewe nani alikipima? Nilijua mjanja mmoja atauliza. Kisawazishi hupelekwa kila baada ya muda, kwa kawaida mwaka mmoja, kwenye maabara yenye vifaa bora zaidi, na maabara hiyo nayo hulinganisha vifaa vyake na vya maabara ya taifa, na za mataifa hulinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Ni ukoo mrefu, babu na baba na mjukuu. Cheti kinachobandikwa kwenye sanduku ndicho kinachoonyesha kisawazishi ni wa ukoo gani na cheti chake kilitolewa lini.

Habari za milima yetu

Jambo hili lilinifurahisha kuliko yote, kwa kuwa linatuhusu sisi wa nyanda za juu. Kisawazishi cha pistoni hufanya kazi kwa kubana hewa iliyomo tunduni. Hewa ikiwa nyepesi, sauti nayo hupungua. Mombasa, kando ya bahari, shinikizo la hewa ni kilopaskali 101 hivi, na kisawazishi hicho hutoa desibeli 124 kama ilivyoandikwa. Kipandishe Kisumu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kitapungua kwa desibeli 1.2 hivi. Nairobi, kwenye mita 1,700, kitapungua kwa karibu 1.8. Eldoret, kwenye mita 2,100, kwa karibu 2.2.

Mtu wa Mombasa akija Eldoret na kisawazishi cha pistoni, akazungusha skrubu mpaka chombo kisome 124, atakuwa amekilazimisha chombo kiongeze desibeli 2 kwa kila kelele atakayopima. Mwenye disko atapigwa faini ya bure! Ndiyo maana visawazishi hivyo huuzwa pamoja na kipimahewa kidogo chenye mshale unaoonyesha kiasi cha kupunguza. Visawazishi vya umeme vya siku hizi, kama kile tulichoazimwa, vina maikrofoni ndogo ndani inayojisikiliza na kujirekebisha, kwa hiyo mwinuko hauvisumbui sana. Hata hivyo kijitabu chake husema kinafaa mpaka shinikizo gani, na sisi tulilitazama hilo kabla ya kuanza.

Je, simu haitoshi?

Kiranja mmoja aliuliza kwa nini tusingetumia simu ya mwalimu, kwani ina programu ya kupima kelele na ni ya bure. Swali zuri. Simu imetengenezwa ili mwenzako akusikie, si ili ipime. Ukinong'ona, simu yenyewe huongeza geini. Ukipiga kelele, huipunguza. Ni kama mizani inayomwonea huruma mnunuzi: ukiweka kidogo inaongeza, ukiweka kingi inapunguza.

Ubaya wa geini inayojigeuza ni kwamba haisawazishiki. Skrubu ya kusawazisha huinua au kushusha vipimo vyote kwa kiasi kimoja. Chombo chenye kasoro ya desibeli 2 kila mahali utakiponya. Lakini chombo chenye kasoro ya 1 kwa sauti ndogo na 12 kwa sauti kubwa utakiponyaje kwa skrubu moja? Jaribio lake ni rahisi. Weka kipimasauti kizuri na simu pamoja mbele ya spika yenye mlio usiobadilika. Ongeza mlio mpaka kipimasauti kipande kwa desibeli 10. Simu ikipanda kwa 10 pia, yaweza kukusaidia kukadiria, ukiisahihisha. Ikipanda kwa 4, irudishe mfukoni. Kwa sababu hiyo hiyo kisawazishi chenye 94 na 114 ni bora zaidi, maana kinakuonyesha kama chombo kinahesabu hatua ya 20 sawasawa.

Siku ya kupima

Mwalimu alimwalika mwenye ukumbi aje ashuhudie tangu mwanzo. Alikuja saa mbili kasorobo usiku na kijana wake mmoja. Tulimpa kisawazishi akishike mwenyewe. Alikigeuza, akasoma cheti kwenye sanduku, kisha mwalimu akamwambia, "Bonyeza hapo, mzee." Alibonyeza. Akaona 93.6 ikigeuzwa kuwa 94.0. "Aa," akasema, "kumbe na nyinyi mna jiwe la kilo."

Tulisimamisha chombo mita moja na nusu kutoka ardhini, mbali na kuta zinazorudisha mwangwi, kofia ya sponji ikiwa mahali pake ili upepo usivume kwenye kiwambo. Hakuna aliyesimama mbele yake. Tulipima robo saa muziki ukilia na robo saa muziki ukiwa umezimwa. Muziki ukilia, wastani ulikuwa desibeli 63. Muziki ukizimwa, 46. Tofauti ikizidi 10, kelele za nyuma huongeza chini ya nusu desibeli tu, kwa hiyo zile 63 zilikuwa karibu zote za ukumbi. Kisha tukarudisha kisawazishi: 93.9. Chombo kilikuwa kimetulia.

Kanuni za kelele zilizotungwa nchini mwaka 2009 ziliweka kikomo cha desibeli 55 mchana katika maeneo ya makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, na 35 kuanzia saa mbili na dakika moja usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Kipimo cha sheria ni wastani wa muda wote huo wa usiku, si robo saa, na sisi hatukuwa mahakamani. Lakini 63 na 35 si majirani.

Mzee alinyamaza. Kisha akauliza swali la pili, nalo lilikuwa kali kuliko la kwanza: "Mbona hata mimi nikizima mna 46? Hizo kumi na moja za juu ni za nani?" Mwalimu alimjibu kwa uaminifu kwamba nyingine ni za barabara, na nyingine ni zetu. Ili kuthibitisha, alibeba chombo mpaka mlangoni mwa darasa moja la Kidato cha Pili lisilokuwa na mwalimu prepu hiyo. Sitalitaja. Lilisoma 66, madirisha yote yakiwa yamefungwa! Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi, na kusema kweli hata mimi nilitazama chini kwa niaba yao.

Tulipatana hapo hapo. Mzee aligeuza spika zielekee bondeni, na katika siku za masomo hupunguza sauti mpaka prepu iishe. Tulipopima tena wiki mbili baadaye, baada ya kusawazisha kama kawaida, mahali pale pale palisoma 52. Bado si 35, lakini tofauti ya 11 kwa sikio ni kama sauti kupungua nusu, na watahiniwa wetu wanaijua faida yake. Nasi tumewaahidi walimu kwamba lile darasa nisilolitaja litashughulikiwa na viranja.

Tamati na msamiati

Baadhi yenu huuliza makala ya fizikia yanatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Nami nawauliza: mwenye ukumbi angetuelewa kwa lugha gani? Maelezo yote ya usiku ule yalitolewa kwa Kiswahili, na hakuna aliyetoka pale bila kuelewa. Wanachama wakiwa na maneno bora kuliko haya tuliyoyachagua, wamwandikie mhariri.

Desibeli: kipimo cha ukubwa wa sauti kinachohesabu kwa kuzidisha.

Geini: kiasi ambacho chombo huukuza umeme unaotoka kwenye maikrofoni.

Hezi: idadi ya mitikisiko kwa sekunde moja.

Kipimasauti: chombo cha kupimia ukubwa wa sauti.

Kisawazishi: kifaa kinachotoa sauti ya ukubwa unaojulikana, ili kipimasauti kilinganishwe nayo.

Kiwambo: ngozi nyembamba ya maikrofoni inayotikiswa na hewa.

Kusawazisha: kulinganisha chombo na kipimo kinachoaminika na kukirekebisha.

Kwa leo kalamu yangu inaomba ruhusa. Anayetaka kuona daftari letu la vipimo alitafute kwa mwalimu wa fizikia, liko kwenye kabati la maabara, rafu ya pili. Kwaherini.